Mtani Aliyesema Pole

Recho alipompigia mama yake simu kumwambia aje Jumamosi kwenye branchi, mama aliuliza branchi ya nini, ya benki au ya chama.

"Branchi, mama. Chakula cha kuanzia saa nne mpaka saa saba. Si chai ya asubuhi, si chakula cha mchana."

"Yaani kiporo."

"Si kiporo, tunapika saa hiyohiyo."

"Mwanangu, mtu aliyeamka alfajiri kwenda Kibirizi kupokea dagaa, saa nne ameshakunywa chai na ameshaisahau. Anayekunywa chai saa nne ni yule aliyeamka saa nne. Kumbe umefungua mkahawa wa wavivu, na mimi nikawaambia watu kanisani umefungua biashara!"

Recho alicheka, maana alimjua mama yake. Marcelina, au Mama Recho kama soko zima la Kibirizi lilivyomwita, alikuwa mwanamke wa maneno. Si ya umbea, hapana, ya utani. Aliwatania wachuuzi, wapagazi, hata padri alionjeshwa kidogo. Lakini tangu mumewe afariki, masika ya mwaka jana, maneno yake yalikuwa yakitoka na kuanguka chini, kwa sababu hakuna aliyeyadaka. Utani ni kama kutwanga kwa michi miwili, anahitajika wa pili, na wa pili wa Marcelina hakuwepo.

Msidhani wa pili huyo alikuwa mumewe. Leonardi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo aliiambia injini. Wa pili alikuwa Mwanamvua wa Ujiji, Mama Musa, aliyeuza dagaa mkeka kwa mkeka na Marcelina tangu wote wawili ni wasichana wembamba. Mmoja Muha wa Kasulu, Mkatoliki wa rozari. Mwingine Mmanyema wa Ujiji aliyekulia madrasa. Kama makabila hayo yana utani wa jadi au hayana, waulizeni wazee wenye muda wa kubishana. Hawa wawili waliuanzisha wa kwao na wakaulea mpaka ukawa mkubwa kuliko watoto wao.

Mwanamvua alimwita Leonardi "mume wangu" mbele za watu, na Marcelina akamwita "mke mwenza". Kila asubuhi Mwanamvua alimpokea mwenzake kwa makofi ya salamu ya Kiha, "Mwakeye! Mwakeye!", huku ameinamisha kichwa kwa madoido, kisha akauliza mume wao amelalaje na kama amepewa kitu zaidi ya maharage. Marcelina naye alimjibu kwamba watu wa Ujiji wameketi barazani wanakunywa kahawa tangu enzi za misafara, na mpaka leo wanasubiri wapagazi waje wawabebee vikombe. Wateja waliacha kununua wakasikiliza. Wengine walisahau walichofuata wakarudi nyumbani bila mboga.

Sasa utani una sheria zake, na iliyo kubwa ni ya msibani. Mtani hasemi pole. Pole ni ya majirani. Mtani huja na vituko: huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, hujilaza njiani jeneza lisipite, huwauliza waombolezaji kwa nini wanamlilia mchoyo yule. Watu hucheka huku machozi yanawatoka, na mfiwa hupata pa kuvutia pumzi. Siku ya kumzika Leonardi, mtaa wao mzima wa Buzebazeba ulikuwa unamngoja Mwanamvua. Marcelina mwenyewe, pale mkekani alipokaa, alikuwa anamngoja kuliko wote.

Mwanamvua akaja. Aliingia kimya na baibui lake, akapiga magoti, akamshika Marcelina mkono, akasema, "Pole sana, Mama Recho. Mungu akupe subira." Kisha akaenda kukaa pembeni, akainamisha kichwa mpaka watu walipotoka kwenda makaburini. Akazika, akaondoka.

Pole! Neno ambalo hata mtendaji wa kata alilisema, akitazama simu yake. Hata jirani wanayegombania naye mpaka wa kiwanja alilisema. Marcelina alilimeza na likamkaa kifuani. Amemzika mume wangu kama anazika mpita njia, alijiambia, na kila alipojiambia liliuma upya. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa adabu. "Habari za asubuhi, Mama Recho?" "Nzuri, Mama Musa, sijui za kwako?" "Tunamshukuru Mungu." Watu wa Kibirizi, waliokuwa wamezoea kusikia hawa wawili wakitukanana kwa furaha, walinong'onezana kwamba jamani, ugomvi huu ni mkubwa, wanaheshimiana! Haukupita muda Mwanamvua akahamishia mkeka wake sokoni Ujiji.

Na wiki hiyo Recho alipopiga simu ndipo Marcelina aliposikia habari kwa mnunuzi mmoja wa dagaa: Musa amejenga Mwanza, na Jumatatu anamchukua mama yake akaishi huko moja kwa moja. Marcelina alijifanya anaondoa majani kwenye dagaa ambao hawakuwa na majani. Alitaka kitu kimoja tu kabla basi halijaondoka, nacho ni kutukanwa na Mwanamvua. Tusi moja, hata dogo, hata la kuhusu miguu yake. Lakini kwenda Ujiji kuliomba hakuweza. Aliyevunja sheria ni yule aliyesema pole, basi yeye ndiye aanze. Kiburi si uungwana, lakini Marcelina alikuwa nacho, na alikitunza vizuri.

Kwa hiyo Recho alipokazania sana hiyo branchi yake, mama alihisi kuna jambo. Hakuuliza. Jumamosi alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, akapanda bajaji.

Mkahawa wa Recho ulikuwa kwenye mteremko juu ya ziwa, viti vya mbao, vyungu vya maua, na siku hiyo hewa ilikuwa safi mpaka milima ya Kongo ilionekana ng'ambo. Ndani walikaa vijana wenye kompyuta, maafisa wa miradi, na wachumba waliokuwa wakipiga picha chakula chao mpaka kikapoa. Kwenye meza ya dirishani, akiwa ameshika mkoba mapajani kama anayengoja kuitwa na daktari, alikaa Mwanamvua.

Recho alimwongoza mama yake mpaka pale, akavuta kiti, akasema ana kazi jikoni, akatokomea. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Karibu, Mama Recho," alisema Mwanamvua.

"Ahsante, Mama Musa. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, alhamdulillahi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Naona Recho ametuweka pamoja."

"Ameona vyema."

Marcelina aliitazama mikono ya mwenzake juu ya ule mkoba, mikono iliyokuwa ikipiga makofi ya kejeli kila asubuhi. Ilikuwa imetulia tuli.

Akaja Nehemia, mtengeneza kahawa, mwanaume mzima mwenye ndevu zilizochongwa na aproni ya ngozi kama fundi viatu. Alibeba chombo cha kioo chenye karatasi juu yake, akaanza kumwagia maji ya moto kidogokidogo, akizungusha mkono na kushusha sauti kama mtu aliye ibadani.

"Hii ya leo ni ya Kalinzi, mama zangu. Mkionja mtaanza kusikia chungwa. Halafu asali. Mwishoni kabisa, kwa mbali, mtasikia maua."

Kicheko kilimpanda Marcelina kooni. Maua! Kahawa imelimwa na Waha kati ya migomba, ikaanikwa kwenye turubai, leo imekuwa ua! Alimtazama Mwanamvua upesi, na alimwona: shavu la kushoto limecheza, pembe ya mdomo imetetemeka. Zamani, Nehemia asingeondoka mezani pale na ile aproni yake. Mwanamvua angemuuliza kama nyuki wamelipwa. Marcelina alishika ukingo wa meza akangoja.

"Mashallah," alisema Mwanamvua. "Inanukia vizuri."

Nehemia akashukuru, akaenda zake mzima.

Chakula kikafuata. Kilikuja kipande cha mkate mweusi kilichopakwa parachichi, parachichi lilelile ambalo Buzebazeba huokotwa na mbuzi, likiwa limenyunyiziwa mbegu kama za kulishia kasuku. Juu yake likakaa yai lisilo na ganda, na Marcelina alipoligusa kwa uma, kiini kikachuruzika mpaka kwenye sahani. Yai halijaiva! Limeletwa hadharani, kwa kujiamini, na kijani pembeni! Mungu mwenyewe alikuwa amemwekea Mwanamvua nafasi mezani. Mwanamvua alikata kipande, akatafuna, akameza.

"Laini," alisema kwa upole.

Hapo Marcelina aliamua kujitoa sadaka. Kama chakula hakitoshi, basi ajiweke yeye mwenyewe mezani.

"Siku hizi nachoka haraka," alianza, akijipigapiga kiuno. "Nadhani nimenenepa. Ngazi hizi za hapa nimepanda nikihema kama ng'ombe."

Lilikuwa lango lililoachwa wazi bila kipa. Mtoto wa darasa la pili angefunga.

"Hapana, Mama Recho. Umependeza tu."

Marcelina aling'ata midomo. Akajaribu la mwisho, la aibu, ambalo hakuwa amemwambia hata binti yake.

"Na jana nimeunguza maharage."

Muha kuunguza maharage! Kibirizi wangelisherehekea wiki nzima. Mwanamvua aliinua macho, na kwa muda mfupi kitu kiliwaka ndani yake, Marcelina alikiona. Kisha kikazima.

"Pole," alisema.

"Usiniambie pole!"

Vikombe viliruka. Vijana wa kompyuta waliinua vichwa, na wale wachumba waliacha kupiga picha. Jikoni, kisu kilikuwa kinakata kitu, nacho kikanyamaza.

"Mama Recho..."

"Wala usiniite Mama Recho! Mama Recho ninaitwa na watu wa sensa! Mwanamvua, yai bichi hilo limekuangalia usoni, na wewe unasema laini! Yule mwenye ndevu ametuambia kahawa ina maua, wewe unasema mashallah! Nimekuletea unene wangu hapa, nimekuletea maharage yangu yaliyoungua, hukutaka hata kimoja. Nimekukosea nini? Na mume wangu alikukosea nini? Miaka yote ile unamwita mume wako, siku ya kumzika ukaja kuniambia pole kama afisa wa bima! Mtu mzima amelala ndani anangoja mtani wake, na mtani amekaa pembeni ameinama! Nililia siku ile, Mwanamvua, na nilikuwa nakulilia wewe."

Mwanamvua aliweka uma chini. Hakuuficha uso wake, aliuacha ulie.

"Nilikuja nimevaa ovaroli yake," alisema.

"Nini?"

"Ovaroli ya Leonardi, ile ya kazini, yenye grisi. Nilikwenda kwa fundi mwenzake gereji nikamwomba. Nikaivaa chini ya baibui. Nilikuwa nimejipanga, wallahi. Nifike mlangoni, nitupe baibui, nitembee kama yeye, nikuulize kwa nini hujanipakulia." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Nimefika mlangoni nikakusikia unalia. Tangu utoto wetu sijawahi kukusikia unalia, Marcelina. Ulipokosa soko hukulia, mtumbwi ulipozama na mzigo wako hukulia, ulimtukana mwenye mtumbwi. Nilipoisikia ile sauti, ulimi wangu ulikauka. Nikatafuta la kusema nikapata hilo moja tu. Nimekaa pale pembeni nimevaa ovaroli ya mumeo, joto linaniua, nanuka dizeli, watu wanadhani nina huzuni ya adabu."

Kweli, Marcelina alikumbuka, siku ile kulikuwa na harufu ya dizeli, na yeye alidhani ni huzuni inamrudishia harufu ya mumewe.

"Sasa kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Ningekuambiaje? Mtani aliyeshindwa msibani atatania nini sokoni? Nikikuona naona aibu. Nikutanie wapi, kwenye dagaa, wakati mume wangu nimeshindwa kumzika? Nikaona heri nihame. Hata Mwanza nimekubali kwa sababu hiyo. Musa ananiita huu mwaka wa ngapi nakataa."

Marcelina alisikia hasira yake yote ya mwaka mzima ikimtoka, na mahali ilipokuwa pakabaki wazi, panauma. Alimwonea huruma rafiki yake mpaka akatamani kumpiga.

"Simama," alisema.

"Niende wapi?"

"Simama umlete Leonardi. Unachodaiwa hakijaoza. Mlete sasa hivi."

"Hapa? Mbele ya watu wa kompyuta?"

"Wao ndio waombolezaji. Watakula nini kingine, yai bichi?"

Mwanamvua alimtazama, akatazama ukumbi. Kisha akafunga mtandio vizuri, akauweka mkoba kitini, akasimama. Mgongo ukapinda kidogo upande wa kulia. Mikono ikaenda nyuma. Kidevu kikatangulia. Jamani, alikuwa yeye! Alikuwa Leonardi mzima mzima, na ule mguu wake wa kuburuza, akikatiza kati ya meza bila kumsalimia mtu, amenuna kwa sababu amekuta watu wamefurahi. Alipita kwa maafisa wa miradi, akasimama, akaitazama kompyuta ya mmoja wao, akaguna, akaendelea. Akafika kaunta ilipo mashine kubwa ya kahawa inayofoka mvuke. Akaisogelea taratibu. Akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Mama, ya moto hiyo!" alipiga kelele Nehemia.

Mwanamvua aliinua kidole kumnyamazisha, kama Leonardi alivyowanyamazisha wenye boti. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akageuka, akamtazama Nehemia kwa masikitiko makubwa, na kwa sauti ileile nzito ya marehemu akasema:

"Huyu anaumwa. Mlimlisha maua?"

Marcelina alicheka. Alicheka mpaka kitenge kikamlegea, mpaka akaegemeza kichwa mezani karibu na yai. Kicheko kilipofika chini kabisa kikageuka kilio, naye hakukizuia, akalia kwa sauti ileile ya siku ya msiba, mbele ya wachumba na kompyuta zao. Mwanamvua alirudi huku bado anaburuza mguu, akasimama juu yake.

"Unalia nini, mke wangu? Unalia kwa sababu nimekufa au kwa sababu umeunguza maharage? Miaka yote umenilisha maharage, nimekimbilia kaburini kupumzika, na bado unaniunguzia!"

"Ondoka, Mmanyema wewe," alisema Marcelina kati ya kwikwi. "Kikombe chako nani amekubebea mpaka hapa?"

"Bintiyo. Na ng'ombe aliyehema kwenye ngazi, yuko wapi? Nilisikia vishindo nikajua mvua."

Recho alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo usoni. Nehemia alimuuliza kama wamwite mlinzi. Recho alitikisa kichwa, akamwambia aongeze kahawa, na aipike nyeusi, bila maelezo.

Walikaa tena. Mwanamvua alimalizia mkate wake akiulaani kila alipouma, akasema huku kumbe ndiko wavivu wanakonenepea. Marcelina alimwambia akale kwa bidii, maana kule aendako kuna dagaa wenye mchanga tu, meno yote yataisha kabla ya Pasaka. Mwanamvua akajibu kwamba afadhali mchanga wa Mwanza kuliko kuamkiwa na Waha. Recho alipita akawaongezea mayai, akaambiwa ayarudishe yakaive.

Baadaye, ziwa lilipokuwa limeanza kung'aa sana na watu wa kompyuta wamepungua, Marcelina alizungusha kikombe chake kitupu.

"Leo ndiyo amezikwa," alisema.

"Leo ndiyo amezikwa," alikubali Mwanamvua.

"Na mimi nikifa? Utakuwa huko kwa Musa."

"Wewe hufi. Nani akupokee? Watu wa huko wanataka utulivu."

"Nakuuliza kweli, Mwanamvua."

Mwanamvua aliacha kutabasamu. Aliunyoosha mkono juu ya meza, kati ya sahani, akaushika wa mwenzake.

"Nitapanda basi nije. Nitavaa vitenge vyako vyote kwa pamoja, nijilaze mlangoni, wakutolee dirishani."

"Na ulimi ukikukauka tena?"

Mwanamvua aliubana ule mkono.

"Siku hiyo wewe hutakuwepo kulia," alisema. "Nitaweza."